Uchaguzi mdogo wa Batley na Spen haukuwa wa kistaarabu

Ndugu Mhariri,

Wapo wanaopenda kutuambia kwamba chaguzi za Uingereza hazina ukabila wala matusi. Nawaomba wautazame uchaguzi mdogo wa jimbo la Batley na Spen, kule West Yorkshire, wa Julai 1, 2021.

Lilikuwa jimbo lenye Waislamu wengi wenye asili ya India na Pakistani wanaoishi jirani na Waingereza weupe, na ndilo ambalo mbunge wake, Jo Cox, aliuawa mwaka 2016. Mgombea wa Labour, chama cha upinzani wakati huo, Kim Leadbeater, ni mdogo wake. Pamoja na msiba huo, alizomewa barabarani na wapambe wa chama chake wakarushiwa mayai. George Galloway, mbunge wa zamani wa Labour aliyegombea kwa chama kingine, naye aliingia kuwania kura za Waislamu waliokasirikia msimamo wa Labour kuhusu Palestina.

Labour wenyewe hawakuwa malaika. Walisambaza kipeperushi chenye picha ya Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo kutoka chama cha Conservative, akipeana mkono na Narendra Modi, waziri mkuu wa India. Kipeperushi kile kilimlenga nani, kama si Mwislamu mwenye uchungu na Kashmir, eneo linalogombaniwa na India na Pakistani? Huo ni ukabila uliovaa suti.

Leadbeater alishinda kwa kura 323 tu: 13,296 dhidi ya 12,973 za Conservative. Galloway alipata 8,264. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika nusu ya waliojiandikisha, na hao waliobaki nyumbani sijaona mchambuzi wetu hata mmoja akiwazungumzia.

Msomaji wako