Kuhusu kumtafuta Mjomba

Bahati ndugu yangu,

Salamu nyingi, na Mama msalimie sana. Umeniuliza mumtafute vipi Mjomba, ndugu wa Mama aliyepotezana nanyi wakati wa vita; nijibu hilo kwanza, mengine yatasubiri. Ile picha uliyoweka Facebook na majina ya wazazi, itoe leo. Atatokea mtu "aliyemwona" na ataomba nauli.

Nendeni Msalaba Mwekundu wa hukohuko mliko, muulize wanaoshughulikia ndugu waliopotezana. Ni bure. Anayetafuta aandikwe Mama, wewe uwe mkalimani tu. Wataulizia majina ya Mjomba, ya baba yake na ya mama yake, kijiji, umri, alionekana wapi mara ya mwisho. Na hapo ndipo mambo hukwama. Waliokimbia vita Kongo 1996 na kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Baraka waliandikwa Kigoma, Tanzania, jinsi karani alivyosikia: Mulondani akawa Mlondani, kwingine Murondani. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa alipewa 1 Januari. Mtoto aliyevuka na jirani mara nyingi aliandikwa wa jirani, ili wapate chakula kwa kadi moja ya mgao, na huenda leo analijua jina hilohilo tu. Basi swali kubwa kwa Mama ni hili: alivuka na nani? Majina ya jirani huyo yaandikeni yote, na ya utani, na ya ubatizo.

Miaka usimuulize Mama, hataikumbuka. Muulize kama ilikuwa kabla mji wa Uvira haujatekwa na waasi au baada. Kidogo kidogo, si siku moja, na akinyamaza mwache. Mkitaja kambi ya wakimbizi ya Lugufu, semeni na lini: ilifungwa 2009, waliobaki wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, lakini wengine walisharudi kwao Fizi, Kongo, au wameshahamia ng'ambo.

Akipatikana, ataulizwa yeye kwanza kama anataka mpewe anwani. Akikataa hamtapewa, na Mama alijue hilo mapema. Habari ya kumleta huko usiitaje kabisa kwa sasa. Kwenye kuunganisha familia huhesabiwa zaidi mume, mke na watoto, ndugu wa Mama ni nadra. Tena kama faili lenu la ukimbizi halikumtaja, wataulizia ametoka wapi leo. Nakuonea huruma, maana Mama keshaanza kupanga chumba, namjua.

Sasa niambie: ile kadi ya mgao ya zamani bado mnayo? Mjomba alikuwa na kovu, au alama yoyote? Mama Neema si alikuwa mtumbwi mmoja nao, mmemuuliza? Na jirani alikuwa kabila gani, Mbembe au Mfuliiru? Wewe bado uko kazi ya usiku, nikupigie saa ngapi?

Ndugu yako,
Juma