Majaribio ya dawa yafike mpakani

Mhariri,

Hospitali za Kacheliba, Pokot Magharibi, na Amudat, Uganda, zilishiriki majaribio ya tiba ya kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi. Matokeo yake, siku 17 za matibabu zikawa 14, na moja ya sindano mbili za kila siku ikapisha vidonge. Nani asiyejua uchungu wa sindano ile?

Mbona basi majaribio mengi ya saratani hubaki mijini? Mfugaji wa Alale, huku mpakani, akienda mjini ataachia nani mifugo? Wafadhili walipe nauli na malazi, fomu za ridhaa zielezwe kwa Kipokoti, na anayevuka mpaka kufuata malisho afuatiliwe na hospitali zote mbili, asifutwe kwenye orodha ya washiriki.

Msomaji,
Makutano, Kapenguria