YAH: Bia iliyochacha na jinsi meneja wenu alivyompokonya mgeni wangu glasi mkononi

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa heshima, na barua hii nimeichana mara tatu kabla ya kupata maneno yanayofaa kumwandikia mtu nisiyemfahamu. Jambo lenyewe mnalo mezani: ni lile la Jumamosi usiku katika baa ya kiwanda chenu hapa Msasani, kwenye meza iliyo karibu na dirisha linalotazama matangi, na meneja wenu wa zamu aliniambia kwa simu siku ya Jumatatu kwamba taarifa yake imeshaandikwa. Kwa hiyo sitawaeleza utaratibu wenu wa kuonja bia, maana mliuweka wenyewe, na sitawakumbusha maneno mliyoyaandika kwa chaki juu ya kaunta kwamba glasi isiyomridhisha mteja hubadilishwa bila maswali. Ya kwetu haikubadilishwa. Mama yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 71, alikuwa ameishika mkononi na anazungumza, meneja wenu akaja kwa nyuma, akamchomolea ile glasi bia ikammwagikia kwenye kitenge, akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Bibi, hii si mbege." Meza ya jirani wakacheka.

Nitarudi hapo. Kwanza niseme kuhusu bia, kwa sababu sitaki mseme kwamba nimekasirishwa na maneno tu na kwamba kinywaji hakikuwa na kosa.

Tulikuwa watu watatu, mimi, mume wangu na mama mkubwa, na tulilipia ubao wa kuonja wa glasi tano kwa kila mtu kwa shilingi 25,000, jumla shilingi 75,000, kwa namba yenu ya malipo ya simu. Pilsna yenu ilikuwa nzuri, na ninalisema hilo bila kinyongo: ilikuwa angavu, povu lake jeupe likaacha mistari kwenye glasi kila tulipopiga funda, na uchungu wake ulikuja mwishoni ukaondoka bila kung'ang'ania ulimi. Bia ya ngano ilikuwa nzuri zaidi. Mama mkubwa aliinusa akauliza kama mmetia ndizi mbivu na karafuu, na yule binti aliyetuhudumia, ambaye alituamkia vizuri na ambaye sina lalamiko lolote juu yake, akamweleza kwa adabu kwamba hakuna ndizi wala karafuu ndani yake, harufu zote mbili hutolewa na hamira yenyewe wakati bia inapochachuka. Mama mkubwa alifurahi sana kusikia hivyo. Alitaka kujua hamira hiyo inapatikana wapi. Laiti jioni ingeishia hapo, leo ningekuwa nawaandikia barua ya kuwashukuru.

Glasi ya tatu, ile ya rangi ya kaharabu, ilikuwa na harufu ya siagi, kama bisi za sinema. Nadhani mtengenezaji wenu anajua maana yake kuliko mimi: hamira ikiharakishwa, bia ikapoozwa na kutolewa kwenye tangi kabla hamira haijamaliza kuinyonya tena harufu hiyo iliyoizalisha yenyewe, siagi hubaki ndani ya bia. Ni kosa la haraka. Tulilinyamazia, tukainywa.

Ya nne ndiyo iliyoleta yote. Kwenye ubao mliiandika kuwa ni IPA, bia ya hopsi nyingi (yale maua ya kutia uchungu), yenye harufu ya embe na ganda la chungwa. Povu lake lilikuwa limekwisha kabla glasi hazijatua mezani, na kilichopanda puani hakikuwa embe. Ilikuwa siki, na chini ya siki kulikuwa na harufu ya kile kitambaa cha kufutia meza kilicholazwa kibichi usiku kucha. Mdomoni ilikuwa kali kwa mbele na nyepesi kwa nyuma, na ule uchungu wa hopsi mnaojivunia ulikuwa umefunikwa kabisa. Mume wangu aliiacha baada ya funda moja. Mama mkubwa alinusa, akaonja kidogo sana, akasubiri, akaonja tena, kisha akamwambia binti yule kwa sauti ya chini, maneno yake nayakumbuka yote: "Mwanangu, hii imechacha. Waambie wasafishe bomba lao."

Hakuna tusi hapo, Ndugu Mkurugenzi. Kila bia huchachuka, ndivyo inavyokuwa bia. Hii ilikuwa imechacha, na hayo ni mambo mawili tofauti katika lugha yetu na katika kazi yenu. Hopsi huwazuia bakteria wengi lakini haziwazuii wote, na mpira wa kupitishia bia usiposafishwa ipasavyo kila baada ya wiki mbili hivi, hasa katika joto la Dar es Salaam na umeme unaokatika chumba cha baridi kikapata vuguvugu, hao wanaobaki hujenga ukuta wao ndani ya mpira na kila glasi inayopita huchukua sehemu yake. Sidai kwamba tuliugua, na bia iliyochacha kwa namna hiyo kwa kawaida haimuumizi mtu. Ninadai kwamba iliharibika, kwamba ilikuwa inauzwa, na kwamba aliyewaambia ukweli ndiye aliyeadhibiwa.

Meneja wenu, baada ya yale aliyoyafanya, alijitetea kwamba bia ile "imekusudiwa kuwa chachu" na kwamba wageni wengi hawajui kuna bia chachu duniani. Ninajua zipo. Wajerumani wana yao ya ngano ya Berlin, Wabelgiji wanazo zao zinazokaa kwenye mapipa miaka, na watengenezaji wake hutangaza uchachu huo kwenye kibandiko kwa sababu ndiyo sifa yake. Ninyi mliandika embe. Isitoshe mwezi uliopita nilinunua chupa mbili za bia hiyohiyo kaunta kwenu, na zilikuwa na embe kweli, tena embe dodo, ndiyo maana nikamleta mgeni wangu. Je, mapishi yamebadilika ndani ya mwezi mmoja bila chaki kubadilika?

Sasa nimwelezee mgeni wangu kidogo, kwa sababu meneja wenu alidhani anamjua. Mama mkubwa amekuja kutoka Kibosho kwa ajili ya kliniki ya macho. Ametengeneza mbege tangu alipoolewa, za harusi na za misiba. Ameotesha ulezi mwenyewe, akaukausha na kuusaga kuwa kimea, amechemsha ndizi na kuziacha zichachuke kwa siku kadhaa, na amejua kiasi cha gome la msesewe kinachotosha kuleta uchungu bila kuharibu. Kimea, uchachuaji na kitu cha kutia uchungu: naomba mnionyeshe ni kipi kati ya hivyo ambacho hakipo katika kiwanda chenu. Mbege nayo ina uchachu wake, unaoongezeka kila siku inapolala, na mtengenezaji anayeuza lazima ajue ni asubuhi ipi bado ni pombe na ni jioni ipi imekwisha, la sivyo wanywaji wanamrudishia kata mbele ya majirani. Mtu aliyeishi na uchachu kwa miaka hiyo yote hawezi kufundishwa uchachu na kijana aliyeshika funguo za kaunta. Macho yake yana ukungu. Pua yake haina.

(Ukutani kwenu mmeandika kwamba mnafuata sheria ya bia ya Bavaria, kule Ujerumani, ya mwaka 1516. Sheria ile ilitaja maji, shayiri na hopsi, hata hamira haikuitaja, kwa hiyo bia yenu ya ngano, ambayo nimeisifu hapo juu, ingekuwa na kesi ya kujibu. Ninalitaja hili kwa sababu walioandika maneno hayo ndio haohao waliomcheka bibi wa mbege.)

Ninarudi kwenye lile tukio, na ninalirudia kwa makusudi, kwa kuwa taarifa mliyonayo, kama nilivyosomewa kwenye simu, inasema kwamba "glasi iliondolewa mezani baada ya mteja kutoridhika". Glasi haikuwa mezani. Ilikuwa mkononi mwa mama mkubwa, ameinyanyua kuelekea kwenye taa ili amwonyeshe binti yule jinsi bia ilivyopoteza povu, na alikuwa katikati ya sentensi. Meneja hakumwamkia. Hakuuliza kuna nini. Alipitisha mkono juu ya bega lake, akaishika glasi kwa juu, mdomoni pake, akaivuta, na bia ikamwagika kutoka kiwikoni hadi mapajani. Ndipo akasema, "Bibi, hii si mbege," huku akiitazama meza ya jirani na si yeye, kama mtu anayechekesha ukumbi. Kisha akaichukua na mbao zote tatu pamoja na zile glasi za tano, stauti, yaani bia nyeusi, ambayo hatukuigusa, na mpaka leo sijui ina ladha gani ingawa nimeilipia mara tatu. Lakini ninachokiona kila nikifumba macho ni mkono wa mama mkubwa, ambao ulibaki hewani kwa muda, vidole vimejikunja vilevile kama bado vimeshika glasi. Halafu akaushusha chini ya meza, akaufuta kwa ncha ya kitenge, na hakusema neno tena humo ndani. Tulipofika mataa ya Mwenge, kwenye bajaji, ndipo aliponiuliza, "Kwani mbege imewafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika barua hii kwa sababu ninyi mnalo.

Kuna na mambo mengine, ambayo ningeyaacha kama lile lisingetokea. Kabla ya kukaa, yaani tulipolipa, niliomba risiti ya mashine ya EFD, nikaambiwa mashine haina mtandao na risiti italetwa mezani. Haikuletwa. Wakati wa kutoka nilipewa kikaratasi cha mkono chenye mhuri uliofifia. Siku ya Jumapili nilituma ujumbe kwenye namba yenu ya huduma kwa wateja pamoja na picha ya kitenge, na Jumatatu, saa moja baada ya ile simu, nikajibiwa kwamba mnanipa punguzo la asilimia 10 kwa ubao wa kuonja utakaofuata. Naomba aliyeandika jibu hilo ajiulize kama angemrudisha mama yake pale kwa punguzo la shilingi 2,500.

Ninachotaka ni haya. Mnirudishie shilingi 75,000 kamili kwa njia ileile niliyolipia. Mnipe kwa maandishi tarehe ambazo bomba la IPA lilisafishwa katika miezi mitatu iliyopita, maana kiwanda kinachotunza vitabu vyake hakishindwi kunakili karatasi moja. Meneja wenu amwandikie mama yangu mkubwa barua ya kumwomba radhi, kwa Kiswahili, kwa mkono wake, bila maneno "kama ulikwazika". Na baada ya kuandika aya zilizotangulia naona barua peke yake haitoshi: ailete mwenyewe nyumbani kwetu Sinza, aamkie, akae, na asome kwa sauti, kwa kuwa mama mkubwa kwa sasa hawezi kusoma maandishi madogo. Mama mkubwa anarudi Kibosho mwisho wa wiki ijayo. Nilikuwa nimekusudia kuwapa siku 14. Kwa sababu hiyo ninawapa siku 7 kuanzia siku mtakayosaini kuipokea barua hii.

Siku hizo zikipita kimya, sitawapigia tena simu. Suala la bomba na bia iliyochacha nitalipeleka Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linaloshughulikia usalama wa vyakula na vinywaji. Suala la kuuziwa kitu kisicholingana na maelezo yake nitalipeleka Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kikaratasi cha mkono, pamoja na ujumbe wa malipo wenye saa na kiasi, nitavipeleka TRA, na hapo mtaeleza kuhusu huo mtandao wenu. Nakala zote nimeshazitoa, ziko ndani ya bahasha tatu, na bahasha zimeandikwa anwani.

Nyongeza moja: binti aliyetuhudumia asiguswe. Alikuwa mtu pekee humo ndani aliyeichukua ile glasi nyingine ya IPA, akainusa, na akamwambia mama mkubwa, "Ni kweli, mama." Nikisikia ameondolewa kazini kwa sababu ya maneno hayo, zile siku 7 nitazihesabu kuwa zimekwisha.

Kitenge kimefuliwa mara mbili. Doa limetoka, harufu bado.

Mteja wenu wa meza ya dirishani,
Sinza, Dar es Salaam.