Msikate maneno katika kanda za zamani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu tunaokusanya kanda za muziki wa zamani, hususan wale wanaofanya kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Kazi hiyo tumezoea kuiita kusafisha, na kwa maoni yangu tunasafisha kupita kiasi, hata tunakata maneno yanayosemwa kati ya nyimbo. Mfano ninaoushika, wa jinsi kanda ya zamani inavyotunza habari za mtu, ni wa Doc Watson, mpiga gitaa kipofu wa Deep Gap, jimbo la North Carolina nchini Marekani, aliyefariki dunia mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 89.

Wapenzi wa bluegrass, muziki wa kienyeji wa Marekani unaopigwa kwa gitaa, banjo na fidla, wanamjua Watson kwa wepesi wa vidole. Wepesi huo una chanzo chake: katika miaka ya 1950 alipiga gitaa la umeme katika bendi ya dansi isiyokuwa na mpiga fidla, na watu walipotaka kucheza ngoma zao za fidla, ikambidi azipige yeye kwa gitaa. Mwaka 1960 mtafiti Ralph Rinzler alifika milimani kumrekodi Clarence Ashley, mkongwe aliyekuwa akitoa santuri tangu miaka ya 1920, na alipolikuta gitaa la umeme la Watson hakupendezwa nalo, maana alitafuta muziki wa asili. Ni pale Watson alipopiga banjo wakiwa safarini ndani ya gari ndipo mgeni akatambua ni nani aliye naye. (Banjo ya kwanza ya Watson alitengenezewa na baba yake, na ngozi iliyowambwa juu yake ilikuwa ya paka.)

Oktoba 1962 Watson alipiga katika maonyesho mawili mtaani Greenwich Village, New York, pamoja na baba mkwe wake, Gaither Carlton, mpiga fidla asiyejulikana mbali na kwao. Kijana aitwaye Peter Siegel aliyarekodi. Albamu iliyotokana na kanda hizo ilitolewa na kampuni ya santuri ya Smithsonian Folkways mwaka 2020, miaka 58 baadaye, wahusika wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki. Thamani yake kwangu ni kwamba ndani yake Watson hajawa bado yule bingwa wa gitaa wa albamu yake aliyoitoa na kampuni ya Vanguard mwaka 1964. Mara nyingi fidla ya mzee ndiyo inayotangulia, naye anaifuata kwa heshima ya mkwe. Mtu aliyesikiliza albamu za baadaye peke yake hawezi kujua kwamba umahiri ule ulikulia nyumbani kwa wakwe.

Sisi wa Kenya tunalo jambo linalokaribiana na hilo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis, Kapkatet, wakiimba wimbo wa “Chemirocha”, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa country ambaye nyimbo zake Watson naye aliziimba. Santuri za Rodgers zilikuwa zimefika huko na kusikilizwa kwa gramafoni. Tracey hakuishia kwenye sauti. Aliandika pia maelezo, kwamba Chemirocha alidhaniwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Bila maelezo hayo tungebaki na wimbo mtamu wenye jina lisilo na mwenyewe.

Ndiyo maana niliumia nilipopeleka kaseti ya bendi ya harusini kwenye kibanda kimoja cha kuhamishia muziki nikarudishiwa nyimbo tupu. Mshereheshaji akitaja wapigaji na walikotoka, gitaa likirekebishwa, bibi akiagiza wimbo urudiwe, yote yalikuwa yamekatwa kwa kuwa eti ni kelele. Fundi alidhani amenifanyia hisani, wala simlaumu sana, maana wateja wengi ndivyo wanavyotaka.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo. Hamisheni kwanza kanda nzima jinsi ilivyo, pamoja na mikwaruzo yake, muihifadhi; kisha nakala ya pili mwaweza kuisafisha mpendavyo. Na wenye kaseti majumbani, andikeni juu ya kasha mahali, mwaka na majina ya wapigaji kabla ya kuipeleka kwa fundi, na maandishi hayo yapigwe picha yakae pamoja na sauti.

Wako,
Mpenzi wa muziki wa zamani,
Kericho, Kenya