Kwa mdogo wangu ambaye haji tena Machame Krismasi

Mdogo wangu, Bwana asifiwe.

Huu mwaka wa tatu mbuzi anachinjwa nyuma ya nyumba, fungu lako linawekwa kwenye jani la mgomba, na jioni mama analipeleka kwa jirani lisiharibike. Hasemi kitu. Anarudi, ananawa, anaingia jikoni.

Ulisema Krismasi yetu imechanganyika na mizimu. Neno hilo limenikaa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893 waliwakuta wazee wetu wanachinja kiukoo, kila kiungo na mwenyewe. Sikukuu ikaingia humo humo.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, unakumbuka. Tarehe 25 ilianzia usharikani, tunangoja mnada wa ndizi na kuku uishe ndipo turudi kihambani, shamba letu la migomba. Kabla ya kisu alisali kwa jina la Yesu, kisha kwa Kimachame akawataja waliolala pale migombani, mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyeshika miguu ya mbuzi, nilisikia kila neno. Hakuwaomba kitu. Alimshukuru Mungu kwa ajili yao.

Kumwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, makaburini, hapo una haki ya kuuliza. Babu alimwaga, baba akaacha, nami simwagi.

Ila kuna jambo moja siwezi kukubali uliite la shetani. Nyama ile haikuliwa na mtu mwenye kinyongo na nduguye. Ule mwaka shangazi na baba mdogo waligombea mpaka wa shamba, tulikaa hadi giza likaingia, moto umefifia, nyama mbichi, watoto wanalia njaa, mpaka baba mdogo alipokwenda kukata isale, jani lile lile tunalopandia mipaka, akamkabidhi dada yake kwa mikono miwili. Ukiletewa isale, umeshasamehe. Wewe unaijua Mathayo 5 kuliko mimi: iache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako.

Na safari hii aliyekosa ni mimi. Niliudhihaki wokovu wako mbele ya wazee, ukaondoka bila kula. Nisamehe.

Isale nimelikata jana, pale juu ya mfereji. Baba mdogo analileta Dar es Salaam Jumamosi, kwa basi la asubuhi. Kama mbege inakukwaza, mama atakupikia mtori wa ndizi mshare. Mbuzi yupo bandani, na hataguswa kabla hujafika.