Asante sana ulonisaidia na kile kiendelezi cha Chrome (kiprogramu cha kuongezea kwenye kivinjari)
Jamani huyu mtu jina lake silijui ila nataka ajue kanisaidia sanaaa, data ya kiendelezi changu ilikuwa hailingani kila sehemu. Alinieleza taratibu kwamba kwenye Chrome ile sevisi woka (skripti ya kiendelezi inayofanya kazi nyuma ya pazia) inazimwa ikikaa sekunde 30 bila kazi, na data yote iliyokuwa kwenye memori yake inapotea, ndo maana popapu (kidirisha kinachofunguka ukibonyeza ikoni ya kiendelezi) inaonyesha hiki na skripti ya kiendelezi inayoingizwa kwenye ukurasa wa tovuti inaonyesha kile. Sasa data inakaa sehemu moja tu, storage.local (hifadhi ya kiendelezi), kila upande unasikiliza storage.onChanged (taarifa kwamba data imebadilika), mmoja akibadilisha wote wanapata habari. Tokeni (funguo za siri za kuingilia akaunti) ziende storage.session (hifadhi ya muda kwenye memori), haiandiki kwenye diski na zile skripti za kiendelezi za kwenye ukurasa haziioni hadi uziruhusu (hii wengi hawaijui kabisa). Ubarikiwe sana ndugu yangu, ulijibu kila swali bila kuchoka.