Barua kwa mpwa wangu kuhusu duka la Mangi

Mpwa wangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote hapo nyumbani. Ninakuandikia hadharani kwa sababu maneno uliyoyasema sikukuu iliyopita, ulipokuwa ukipekua rafu yangu ya vitabu, nimeyasikia pia kwa vijana wengine wanaotamani kuingia katika kazi ya uchapishaji. Ulisema kwamba Mkuki na Nyota, kampuni ya uchapishaji vitabu, haijui inataka nini, kwa kuwa jina hilohilo liko kwenye kitabu cha picha cha mtoto, kwenye riwaya, kwenye maandishi ya Shaaban Robert na kwenye mabuku mazito ya siasa; ukamalizia kwa kicheko kwamba hilo ni duka la Mangi.

Nilinyamaza kwa kuwa pilau ilikuwa imekwisha kupakuliwa. Leo najibu kwamba umesema kweli, ila umeicheka hekima yenyewe. Mangi, mwenye duka dogo la mtaani, huuza chumvi, kiberiti, sabuni na vocha kwa sababu wateja wake ni walewale wa mtaa mmoja, na kila nyumba ina haja nyingi. Wanunuzi wa vitabu visivyo vya darasani nchini kwetu ni wachache. Anayetaka kuishi kwa vitabu vya aina moja anahitaji umati wa wasomaji, na asiye na umati hana budi kuingia nyumba moja kwa milango minne.

Walter Bgoya alipoianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, alikuwa ametoka kuongoza kwa miaka mingi Tanzania Publishing House (TPH), shirika la umma la uchapishaji ambalo mwaka 1972, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, lilitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mtu wa historia hiyo angeweza kubaki katika siasa na uchumi tu. Lakini mwaka huohuo wa 1991 kampuni yake changa ilitoa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, cha Shaaban Robert, aliyefariki tangu 1962, na mwaka 1999 ikatoa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo baadaye ilisomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee huyo aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na kwa miaka mingi hakupata wa kuichapisha. Ikambidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ni kwa Kiswahili ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 chini ya Tanzania Publishing House, wakati mwandishi akielekea kaburini, alifariki 1981. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ikatoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, iliyotoka moja kwa moja kwenye Kikerewe. Niambie, kitabu hicho ungekiweka kwenye fungu gani? Ni riwaya, ni kumbukumbu ya mila, na kwa mtafiti wa lugha ni hazina.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Kitabu cha mtoto chenye picha za rangi hakina budi kupigwa chapa kwa maelfu ili bei ya nakala moja ishuke, na fedha hizo hulala ghalani hadi nakala ziuzwe. Kitabu cha mwanazuoni huenda kwa mwendo mwingine: husambazwa ng'ambo na African Books Collective ya Oxford, ushirika wa wachapishaji wa Kiafrika, na nakala zaweza kuchapwa kadiri zinavyoagizwa. Kimoja huchelewa kurudisha fedha pale ambapo kingine hakikudai nyingi. Na serikali ilipoirudisha kazi ya vitabu vya kiada mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania, waliotegemea soko hilo peke yake ndio walioumia zaidi.

Lawama ninayo pia. Mwaka 2007 Mkuki na Nyota walishiriki kutoa kitabu kizuri cha historia ya Dar es Salaam, lakini kwa Kiingereza, kwa hiyo wazee wa Kariakoo, ambao maisha yao ndiyo yaliyosimuliwa humo, hubaki kutazama jalada. Wasifu wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 2020, kazi ya Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, nao ni wa Kiingereza, majuzuu matatu. Nimeusoma kwa miezi mitano, na miwani yangu inajua.

Jumamosi ijayo nitashuka Posta kwenda duka la vitabu la TPH, Barabara ya Samora. Tukutane hapo saa nne asubuhi. Njoo na mwanao achague chake mwenyewe, nawe uniambie ni rafu ipi ungeifunga.

Mjomba wako.